Kutoka Vilima vya Kanoni hadi Mlango wa Jambiani

Kwetu Kanoni, wilayani Karagwe, mtu anaweza kuzeeka na kuzikwa bila kuwahi kupanda chombo cha majini. Tunaishi juu vilimani, kati ya migomba na mibuni. Maji tunayoyajua ni ya chemchemi, ya mabondeni na ya mvua. Mto Kagera unapita mbali, mpakani na Rwanda na Uganda, na Ziwa Victoria halionekani mpaka uteremke Bukoba. Lakini hofu ya maji tunayo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Msiba ule uliingia katika koo nyingi za mkoa wa Kagera, na mimi nimekua nikisikia wazee wakiagiza: ukienda Mwanza, pita barabarani.

Kwa hiyo mtoto wa mama mdogo, anayefundisha shule Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, aliponialika nikae naye wakati wa likizo na kwenda baharini na kikundi cha wavuvi anaowafahamu, jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Kilichonivuta ni neno lake moja kwenye simu: "Kaka, hawa watu wanaiogopa bahari kuliko wewe, ila woga wao una utaratibu." Nilitaka kuuona utaratibu huo kwa macho yangu.

Safari ya basi haihitaji masimulizi marefu. Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, kisha Dar es Salaam na miguu iliyovimba. Bandarini nikapanda boti ya kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi, na kabla ya kukaa nilitazama majaketi ya kuokolea yamewekwa wapi na mlango wa kutokea uko upande gani. Kutoka mjini nikachukua gari namba 309, nikafika Jambiani jua likielekea kuzama.

Kijiji kimenyooka kando ya pwani, nyumba za mawe chini ya minazi, na mbele yake unaona kana kwamba kuna bahari mbili. Ya ndani ina kina kifupi na rangi ya kijani kibichi. Humo wanawake wanalima mwani tangu kilimo hicho kiliposhika upande huo wa kisiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ya nje iko ng'ambo ya mwamba, ina rangi ya buluu iliyokolea, na ndiyo Bahari ya Hindi yenyewe. Mawimbi yanapasuka juu ya mwamba usiku na mchana, unayasikia hata ukiwa umelala. Pa kupita ni kwenye mlango tu, uwazi kati ya mwamba na mwamba, na wenyeji wanaujua kwa alama za nchi kavu: mnazi fulani ukilingana na paa fulani, hapo ndipo.

Kwa mtu wa bara, jambo geni kuliko yote ni maji kuondoka. Ziwa Victoria unalikuta asubuhi pale pale ulipoliacha jana. Jambiani maji hupwa hadi ngalawa zinabaki zimelala mchangani na watoto wanatembea mahali ambapo saa sita zilizopita mtu mzima angezama. Mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu huwa ni bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na mkondo mlangoni hupungua nguvu. Nahodha wa kikundi alikuwa ameuhesabu mwezi kabla hata sijafika. Mgeni, alimwambia ndugu yangu, hatolewi nje wakati wa bamvua.

Ngalawa yao ilikuwa gogo la mwembe lililochongwa likawa jembamba kiasi kwamba magoti yako yanagusa pande zote mbili. Peke yake lingepinduka mara moja. Kinachoisimamisha ni miti miwili iliyokingama juu yake, mbele na nyuma, na kila upande ubao mrefu uliofungwa kwenye ncha za miti hiyo ukigusa maji. Mirengu hiyo imefungwa kwa kamba. Mitumbwi ya kwetu ziwani haina kitu hicho. Ukitoka pwani yetu utaikuta mirengu tena Komoro na Madagaska, na mbele kabisa Indonesia na visiwa vya Pasifiki. Wanahistoria wengi wanaamini ililetwa upande huu na mabaharia wa Asia ya Kusini-Mashariki, wale wale ambao lugha yao ndiyo mzizi wa Kimalagasi. Hawaii vyombo vya namna hii vina mrengu mmoja tu, upande wa kushoto, na vingi humilikiwa na vilabu vya kupiga makasia, watu sita katika chombo kimoja.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu nahodha.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuogelea unajua?"

Nikamwambia sijui, zaidi ya kujitupatupa.

"Vyema, umesema kweli. Basi wewe utavaa jaketi kuanzia mchangani hadi mchangani." Akawageukia vijana wake. "Na wanaojua kuogelea nao watavaa."

Kila anayepanda ngalawa ile kwa mara ya kwanza huulizwa swali hilo mbele ya wenzake, ili wote wajue nani ataanza kutafutwa mambo yakiharibika. Ukikaa ukalifikiria, utaona ni swali ambalo hakuna aliyewahi kukuuliza katika kivuko chochote.

Asubuhi niliyotarajia kutoka, hatukutoka. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, msimu ambao upepo hutokea kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na upepo ule ulikuwa umeamka mapema. Mzee alikuwa amepata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kupitia simu ya mwanawe, na utabiri ulitaja upepo mkali. Hata hivyo alisimama muda mrefu akiangalia ng'ambo ya mwamba, ambako vichwa vya mawimbi vilikuwa vimegeuka vyeupe. Utabiri unamwambia habari za eneo zima, alinieleza, lakini mlango ni huu mmoja, na lazima autazame mwenyewe. Kijana mmoja alikuwa na wageni waliokuwa tayari kulipa vizuri, akajaribu kumbembeleza. Mzee akasema tu, "Leo hapana," na mazungumzo yakaishia hapo.

Baadaye, tukiwa kivulini tunakula mihogo, nilielezwa kanuni yenyewe. Neno la kuondoka ni la nahodha peke yake. Lakini neno la kutoondoka ni la mtu yeyote. Hata aliyejiunga jana akisema moyo wake hauko sawa na hali ya hewa, ngalawa inabaki mchangani, na ni mwiko kumwita mwoga au kumtaka ajitetee. Kama kuna jambo moja nililolibeba kutoka Jambiani, ni hili. Fikiria abiria wa mabasi yetu anayethubutu kumwambia dereva apunguze mwendo: nusu ya basi inamzomea, na wakati mwingine anaambiwa ashuke. Sisi tumempa haki ya kusema hapana mtu mmoja, yule yule mwenye haraka. Wavuvi hawa wamempa kila mtu.

Siku hiyo haikupotea. Maji yalipojaa ndani ya mwamba, walinipeleka mahali yaliponifika kifuani, wakaijaza ngalawa maji kwa makusudi. Nilitazama gogo likididimia mpaka kingo zikawa sawa na uso wa bahari, kisha likakoma. Halikwenda chini. "Unaona?" akasema mmoja wao. "Mti hauzami. Imejaa maji, lakini ipo." Wakanifundisha kushika mti wa mrengu kwa mikono miwili, kuacha miguu ielee, na kutulia. Kisha nahodha akaita, na kila mmoja akataja jina lake kwa sauti. Mimi nilichelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa nimemeza maji; akarudia kuita mpaka nikajibu. Baada ya hapo ndipo wakaanza kuisukasuka ngalawa mbele na nyuma ili maji yamwagike kwa wingi, mwepesi wao akaingia ndani na kuyakumba yaliyobaki kwa upo.

Utaratibu huo una mantiki iliyo wazi. Kichwa cha mtu anayeogelea peke yake kati ya mawimbi hakionekani, hata na chombo kilicho karibu. Gogo refu lenye mbawa mbili na watu watano wakiling'ang'ania linaonekana. Tena ufuko hudanganya macho: ukiwa majini unaona nyumba ziko karibu, kumbe mkondo unakupeleka pembeni kwa kasi kuliko unavyoogelea. Hawaii wanaikumbuka kwa uchungu kanuni hii ya kutoachana na chombo. Machi 1978 chombo cha matanga kiitwacho Hōkūleʻa, cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, kilipinduka usiku katika mlangobahari wa Molokai. Eddie Aikau, mwokoaji wa fukwe aliyesifiwa kwa kutoa watu katika mawimbi makubwa, aliondoka juu ya ubao wake wa kuteleza ili kutafuta msaada. Wenzake waliobaki wameshikilia chombo waliokolewa siku hiyo hiyo. Yeye hakuonekana tena. Kama mwogeleaji wa kiwango chake alipotea, mimi wa Kanoni nina hoja gani ya kuachia mrengu? Vilabu vya huko leo hufundisha wageni wao kukipindua chombo na kukisimamisha tena kabla hawajaruhusiwa kwenda mbali, na kila kiti kina namba, kuanzia 1 hadi 6, ili watu wajihesabu majini bila kubabaika. Jambiani wanaita majina, Hawaii wanaita namba. Kazi ni ile ile.

Upepo ulipotulia, tukaenda. Maji yalikuwa yanaelekea kujaa mnamo saa nne asubuhi, nasi tulifika mchangani jua likiwa bado chini. Nilidhani tungesukuma ngalawa na kupanda. Kwanza nahodha alipitisha mkono kwenye kila fundo la kamba zinazofunga mirengu, moja baada ya jingine, akilivuta kila moja kwa uzito wake wote. Fundo moja upande wa kushoto lilicheza. Akalifungua lote, akalifunga upya kwa kamba nyingine, bila kusema neno na bila haraka yoyote, na vijana wakakaa chini kusubiri. Kisha wakavikagua vitu kwa kuvishika: upo umefungwa kwa kamba ili usielee mbali, makafi mawili na pondo kwa ajili ya siku ambayo tanga litashindwa, nanga na kamba yake, kamba ya akiba, kisu, filimbi, madumu ya maji ya kunywa, simu ndani ya mfuko uliofungwa kwa mpira. Majaketi yakavaliwa na kamba zake kukazwa. Mahali pengine nimeona majaketi yakitumiwa kama mito ya kukalia. Chombo kikipinduka, jaketi ulilolikalia linakwenda upande wake na wewe upande wako.

Mwenzao mmoja alibaki ufukoni na daftari. Akaandika majina yetu, tunakokwenda na saa ya kurudi. Nikamuuliza, je, tukichelewa? "Siwangojeni," akasema. "Ikipita saa hiyo, napiga simu kwa ngalawa zilizo nje, na mwenye boti ya mashine anaondoka. Mkija mkicheka, nitafurahi."

Tanga likatwekwa. Mkwezi wa mnazi anajua mahali pa kuweka mguu bila kuangalia. Ndivyo vijana wale walivyotembea juu ya miti ile. Mimi nilikaa katikati, chini, na amri yangu ilikuwa moja: nisisimame. Mmoja alishika demani, kamba inayotawala tanga, na hapo nikaona jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Kamba ile ilikuwa ikimvuta sana, mishipa ya mikono imemtoka, lakini hakuifunga popote. Aliizungusha mara moja kwenye mti na kuishika kwa mkono. Nikamwambia angeifunga apumzike. Akatikisa kichwa.

Jibu lilikuja tulipopita mlango. Ndani ya mwamba maji yalikuwa shwari. Mlangoni yakaanza kupumua, chombo kikapanda na kushuka, kushoto na kulia kwetu povu likitanda juu ya mwamba. Nahodha alikuwa hasemi na mtu, macho yake kwenye alama zake nyuma na maji mbele. Tukatoka, na papo hapo upepo ukaja kwa kishindo. Mrengu wa upande wa upepo ukainuka kutoka majini, mwingine ukazama, na nikaona maji yakiingia upande wa mapaja yangu. "Legeza!" Kijana akaiachia demani ikakimbia mkononi, tanga likapoteza upepo na kupigapiga hewani, mrengu ukarudi majini. Mwingine alikwisha kutambaa hadi kwenye mti wa upande wa upepo kuongeza uzito. Yote hayo yalichukua muda wa kuvuta pumzi. Kama demani ingekuwa imefungwa, mtu angelazimika kutafuta fundo chini ya maji, na fundo lililobebwa na nguvu ya tanga halifunguki kwa vidole. Ndiyo maana haifungwi, hata mkono ukiuma.

Huko nje kuna kipindi unashuka kati ya mawimbi na Unguja yote inapotea, unabaki na maji na mbingu. Niliogopa, na nilifurahi pia. Vyote viwili vilikaa pamoja. Wenzangu walitupa mishipi, wakapata changu kadhaa na chewa mmoja mzuri. Samaki walikuwa wanaanza kula vizuri nahodha aliposema turudi. Hakuna aliyeomba dakika tano. Maji yalikuwa yamefikia mwisho wa kujaa, na yakianza kutoka, bahari yote ya ndani hukimbilia mlangoni. Mkondo huo unaotoka ukikutana uso kwa uso na mawimbi yanayoingia, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika pale pale chombo kinapopita. Mlango uliotupitisha asubuhi ungekuwa mahali pengine kabisa saa mbili baadaye. Tukaingia maji yakiwa yametulia. Mwenye daftari akakata majina yetu moja moja, akituangalia usoni.

Niliporudi Karagwe nilisoma upya habari za misiba yetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Walikufa 228 na kuokoka 41. Watu walikuwa nchi kavu wakikitazama. Na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani jirani na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia, na watu 24 wakatoka hai. Wavuvi ndio waokoaji tulio nao, na wengi wao hawana hata boya la kuvaa wao wenyewe.

Ziwa halina mlango wala bamvua, lakini lina dhoruba za ghafla, lina usiku, lina vyombo vinavyojazwa kupita kiasi na watu wasioulizwa kama wanajua kuogelea. Hakuna hata kanuni moja kati ya nilizoziona Jambiani inayodai fedha nyingi. Daftari ni bei ya daftari. Kukagua kamba ni bure, na kumruhusu mtu aseme hapana ni bure pia. Majaketi yana gharama, nakubali, lakini ni ndogo kuliko ya injini.

Kwa hiyo nawaomba wenye mitumbwi wa Kemondo, wa visiwa vya Bumbire na Goziba, na wanaovusha watu katika Mto Kagera upande wa Kyerwa: kikundi kikipata mkopo au ruzuku, nunueni majaketi kwanza, injini ifuate. Nawe unayepanda, hesabu watu na hesabu majaketi kabla ya kulipa nauli. Yasipolingana, shuka, na umshike mkono aliye karibu nawe ashuke pia.